Bakuli la Bi Zuhura

Leo nimeadhirika, shoga zangu, na nawaeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na watu wa pembeni. Sogeeni. Nimeshafuturu, naweza kusema.

Bi Zuhura mnamjua, yule Mpemba anayeshika maktaba ya utafiti wa samaki. Mimi nashika ya utafiti wa mkonge. Tangu fedha za kigeni zikauke hakuna maktaba inayoweza kuagiza majarida yote ya kitaalamu, basi tukapatana: yeye aagize ya bahari, mimi ya kilimo, wenzetu wa milimani ya mbu na homa. Mtafiti wa yeyote akitaka kitu, tunaazimana. Majarida yanasafiri kwenye kikapu cha ukindu, ndani ya gari la kazini. Na sisi watu wa pwani mnatujua, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Juu ya majarida mimi natia machungwa, Zuhura anatia dagaa au visheti. Miaka ile ya foleni za sukari kikapu hicho kimetutoa mbali.

Lakini wivu, jamani. Watafiti wangu, ninaowatafutia mimi, ninaowafutia vumbi mimi, wakikwama kidogo utasikia, "Tumuulize Bi Zuhura." Mkurugenzi wangu mwenyewe kasema mbele yangu kwamba maktaba ya Zuhura inanukia. Inanukia! (Yangu inanuka popo, sibishi.) Vitabu vyake vimeshikana vizuri, vyangu ukivigusa vinaachia kurasa.

Sasa wafadhili wametoa mashine ya fotokopi, moja tu, itumike na maktaba zote tatu. Itakakowekwa ndiko maombi ya wote yatakakopita, na mwenye kuishika ndiye atakayekuwa mtu. Leo Mzee Salim, mjumbe wao, katoka Dar es Salaam kuja kuamua. Asubuhi aende kwa Zuhura, mchana aje kwangu ale, alasiri tukae kikao. Mashine ile niliitaka kuliko nilivyoitaka ndoa yangu ya kwanza.

Asubuhi dereva wetu, Rashidi, akaingia na kikapu. Juu ya majarida kuna bakuli kubwa la kauri, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Bi Zuhura anakusalimu," akasema. "Kasema hicho..."

"Sitaki kujua kasema nini. Weka hapo."

"Lakini dada, kanisisitiza nikwambie..."

"Rashidi, huna kazi?"

Akaenda zake. Nikafunua. Kitu cheupe, kizito, laini, kina uvuguvugu bado, na harufu ya karafuu imejaa chumba kizima. Bokoboko hilo, ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikawa uji mzito. Nikaelewa papo hapo (mwerevu mimi). Zuhura kampikia mgeni, ale akiwa mezani kwangu, aulize nani kapika, aambiwe Zuhura. Hata ndani ya maktaba yangu anataka asifiwe yeye.

Nikasema thubutu. Kama ni sifa, leo nazichukua mimi. Nikalibeba bakuli mpaka kwangu, nyumba za wafanyakazi, nikakaanga vitunguu, nikayeyusha samli niliyokuwa naitunzia Idi, nikamwaga yote juu. Mtaniuliza, hukuonja? Nilifunga. Leo Alhamisi, nimefunga sunna. (Mtu kafunga, na huku anaiba chakula cha mwenzie. Mungu anisamehe.)

Mchana mgeni akaja maktaba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Mzee mpole, masharubu meupe, amevaa kofia yake. Akavuta kitabu kimoja rafuni, kurasa zikamwagika miguuni pake. Akainama kuziokota, mkurugenzi naye akainama, mimi nikawaambia chakula kinapoa.

Mezani nikaweka bakuli katikati.

"Karibuni bokoboko. Nimeamka alfajiri kulipika mwenyewe. La kwetu Tongoni hili, siri ya bibi yangu."

Mzee Salim akachota kijiko cha kujaa, akatia mdomoni. Taya zinakwenda, lakini kwa taabu. Mkurugenzi akaonja, akatia chumvi, akaonja, akatia chumvi tena, kisha akawa anatazama dirishani.

"Nyama yake," mzee akasema, anajivuta, "umeiponda sana, mwanangu."

"Ndiyo ufundi wenyewe, mzee."

Akachota tena. Kwa heshima tu, mzee wa watu kalelewa. Kufikia hapo masharubu yameshagandana na mdomo wa juu, na mimi nimesimama pembeni najipongeza.

Mara hodi. Zuhura huyo, kaja kwa kikao, mkononi ana brashi na vipande vya kitambaa. Hakutazama meza. Alitazama rafu.

"Bi Mwanahamisi, mbona vitabu hujavigusa? Gundi haikutosha?"

"Gundi gani?"

"Si niliyokuletea. Unga wa ngano, nimeuchemsha na karafuu ili mende wasile majalada. Nilimwambia Rashidi akwambie uvibandike kabla mgeni hajafika, akute maktaba yako imetulia."

Ndipo akaliona bakuli lake. Akaviona na vitunguu.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Mzee Salim alitaka kuweka kijiko chini, kijiko hakikutaka kuachia vidole.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "na bibi yako naye alikuwa mkutubi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Zuhura ndiye aliyekwenda kuleta maji ya moto, ndiye aliyemlainisha mzee masharubu. Halafu mzee, mdomo ulipofunguka, akasema neno lililonimaliza kabisa. Asubuhi Zuhura alimwomba mashine iwekwe kwangu. Kwake chumvi ya bahari itaiua mapema, na tena, alimwambia, hakuna anayewahangaikia watafiti wa wenzake kama Mwanahamisi.

Kwa hiyo mashine nimepata. Na roho inaniuma vilevile, maana hata ushindi kanipa yeye.

Alasiri kikao hakikukalika. Tuliondoa vitunguu, tukabandika vitabu kwa gundi iliyobaki, mimi na yeye, bega kwa bega. Hakunisema hata neno, na hilo ndilo linaloniua. Maktaba yangu nayo sasa inanukia. Inanukia samli.

Bakuli lake hilo hapo, nimeliosha, kesho Rashidi anapita kulichukua. Kitupu hakirudi. Nishaurini basi, nimtilie nini yule mwanamke? Ila atakayesema bokoboko, asinisemeshe mpaka Idi.