Orodha ya Majina Iliyonifikisha Beni

Jumatatu, 10 Juni 2002. Butembo.

Barua ya Mjomba Edmond imefika kutoka Kasugho. Mistari minne tu. Nikianguka tena mtihani mwaka huu, nirudi nyumbani kulima, na nafasi yangu chuoni aichukue binamu yangu Omer. Jembe langu limeshatiwa mpini. Neno "mpini" amelitumia mara mbili!

Mimi, Kakule Lusenge Zorobabel, mwanafunzi wa usalama wa kompyuta, nishike jembe? Butembo nzima tuko kumi na tisa tu tunaosoma elimu hii. Tuna kompyuta nne. Inawaka moja. Groupe, yaani jenereta, inazimwa adhuhuri kwa sababu wanajeshi huja kuazima mafuta yake, na neno kurudisha halimo katika lugha yao. Hata hivyo, ni sayansi.

Mtihani ni Jumatatu ijayo. Kavira, anayekaa mbele yangu na ambaye hajachelewa darasani hata siku risasi zilipolia, amenishauri tusome pamoja. Nimekataa kwa upole. Mtu wa usalama hasomi mtihani. Anaupenya! Mtihani wenyewe umo ndani ya kompyuta ya bureau, ofisi ya chuo. Naogopa jembe kuliko ninavyoogopa dhambi.

Jumanne, 11 Juni.

Monique, sekretari, anafunika mikono yake kwa kitambaa anapoandika neno la siri. Nilimchungulia dirishani hadi mlinzi akaniuliza kama nimempenda. Nikajibu ndiyo, ili aniache. Sasa chuo kizima kinajua nimempenda.

Lakini jioni, nikila sombe, akili ilifunguka. Kwetu sisi Wanande mtoto hangojei jina. Jina ndilo linalomngojea. Msichana wa kwanza ni Masika, apende asipende. Mimi ni Kakule kwa sababu kaka zangu walishachukua yaliyotangulia. Majina kumi na mawili hivi, kutoka Kayna hadi Beni! Nani atajisumbua kukumbuka neno jingine la siri, na mama alishampa moja bure?

Nikayaandika yote kwenye karatasi. Masika, Katungu, Kavira, Kahindo, Paluku, Kambale, Kasereka, na ndugu zao wote. Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa shati. Akili ni mali!

Jumatano, 12 Juni.

Nilimsalimu Monique kwa adabu, nikamuuliza kama ana dada wakubwa. Akasema yeye ndiye wa kwanza kwao, na kama nimekuja kuposa, baba yake anapokea wageni siku ya Mungu, tena waje na mbuzi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alipotoka kununua mkate, nikakaa kitini pake. Nikaandika: masika. Ikafunguka! Mara ya kwanza! Nikapiga ishara ya msalaba.

Faili la mtihani nililiona palepale. Nikabofya. Ole wangu! Lina kufuli lake lenyewe, la Prof Mardochée, mwalimu wetu. Nikajaribu majina yote kumi na mawili. Hapana. Prof ni mtu wa Kindu, huko Maniema, na kwao kila mtoto hupewa jina kadiri wazazi wanavyopenda. Mtindo gani huo? Niliwakasirikia watu wa Maniema wote.

Monique aliporudi aliuliza kwa nini kiti chake kina joto. Nikasema mtihani umenitia homa.

Alhamisi, 13 Juni.

Prof hayupo. Kila Alhamisi huenda Beni, kwenye familia yake. Inasemekana huko anawafanyia kazi ya siri wakubwa wa jeshi linalotutawala. Yeye mwenyewe huitaja kwa sauti ya chini, ila kwa watu wengi.

Mpango mpya. Mtu wa Kindu lazima ametumia jina la mtoto wake. Kwa hiyo niende Beni nikayajue majina ya watoto wa Prof. Kavira alisema muda wa safari hiyo ungenitosha kusoma daftari lote mara mbili. Nilimhurumia. Elimu ya darasani tu inadumaza.

Ijumaa, 14 Juni. Beni.

Nilipanda Fuso, juu ya magunia ya maharage. Vumbi hadi kwenye meno. Barrière nne za wanajeshi, kamba imekatiza barabara. Tatu tulipita kwa tabasamu na kidogo cha mfukoni.

Ya nne, hapa penye mlango wa Beni, mwanajeshi mmoja aliniuliza jina. Nikasema Kakule. Akasimama wima. Akamwita mwenzake, naye akasimama wima, kisha akaniangalia viatu.

"Kakule ni chef, mukubwa wetu," akasema. "Wee si chef. Wee ni mutu gani?"

Nikaeleza kuwa mimi ni Kakule wa kawaida. Wakanipekua. Wakaitoa karatasi yangu. Wakaisoma taratibu, kidole kwenye kila jina, na walipofika la tano mmoja akakoki bunduki.

Nimefungwa! Chumba kimoja na mbuzi ambaye naye alikamatwa kwenye barrière. Mbuzi ametulia kuliko mimi.

Jumamosi, 15 Juni.

Leo nimepelekwa kwa Commandant Gérard, mtu mnene wa kutoka mbali, miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliweka karatasi yangu mezani kwa ncha za vidole. Akauliza ni adui gani amenipa code ya jeshi, maneno yao ya siri.

Nikasema code gani?

Akapiga meza. Akasema nisijifanye mjinga, kwamba najua vizuri kabisa kuwa kwenye phonie, redio yao ya mawasiliano, Kambale ni mafuta, Masika ni daraja, Kasereka ni risasi, na Kakule ni yeye mwenyewe! Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, kwa kuwa sasa nilikuwa najua kweli.

Nikamwambia kwa machozi kuwa hayo si code, mon commandant, ni majina ya watu. Ya watu wote. Kwamba akiita Kambale hapo nje, atapata wa kujaza lori.

Hakuamini. Akaenda dirishani, akaita kwa sauti ya gwaride: "Kambale!"

Wakageuka kinyozi, muuza petroli wa chupa, katekista mwenye baiskeli, na mlinzi wake mwenyewe wa mlangoni. Mlinzi akaingia, akapiga saluti, akauliza kuna nini.

Commandant akakaa. Akavua miwani. Akasema sasa anaelewa kwa nini kila lori lake la mafuta likitangazwa kwenye phonie hulakiwa njiani na watu wenye vidumu: kila Kambale aliyesikia jina lake alikwenda kuona, akakuta mafuta. Alidhani ni wananchi wanashangilia mapinduzi.

Nikamuuliza kwa heshima nani aliyetunga code hiyo. Msomi mmoja, akajibu, profesa wa usalama kutoka chuo cha Butembo. Basi nikaelewa kila kitu, nikatamani nicheke, nikamwangalia mbuzi dirishani badala yake.

Ameagiza Prof aje mara moja. Shajara hii waliichukua pia, wakanirudishia. Commandant aliisoma akasema hakuna jeshi duniani linaloweza kumwajiri mtu huyu kuwa mpelelezi. Nimejisikia vibaya kidogo.

Jumanne, 18 Juni.

Prof alifika jana jioni. Ujumbe wa kumwita ulitumwa kwa code mpya, na kwa kuwa hakuna aliyeijua bado, ulimfikia baada ya siku mbili. Mtihani ulifanyika jana asubuhi bila mimi.

Bila mimi! Nililia mbele ya watu. Nililia kama mtoto, mbuzi akanitazama. Mwaka mzima umekwenda, na Kasugho naisikia ikinukia udongo.

Prof alikuwa amechoka kuliko mimi. Alikiri kwamba majina ya code aliyatoa kwenye orodha ya darasa letu. Aliyaona magumu, mageni, hakuna atakayeyabahatisha. Na kwa kuwa yanajirudia sana, miaka miwili alidhani nusu ya wanafunzi wake ni ndugu wa tumbo moja. Aliwahi kuwahurumia wazazi wetu.

Akamwambia Commandant kuwa karatasi yangu ilikuwa zoezi alilonipa yeye. Uongo mtakatifu! Nikaachiwa. Njiani aliniambia ameisoma shajara nilipokuwa nalia, na kwamba neno lake la siri si jina la mtoto, wala halijawahi kuwa jina la mtu. "Mutu mwenye akili hapana tumia jina," alisema. Nilimwelewa. Hivyo ndivyo hasa angesema mtu aliyetumia jina.

Jumapili, 23 Juni. Butembo.

Baada ya misa Kavira alinisubiri nje. Amepita, wa kwanza. Akaniambia swali la mtihani lilikuwa moja tu: eleza, kwa mfano kutoka maisha yako, kwa nini siri ambayo kila mtu anaijua si siri.

Nilikaa chini kwenye ngazi za kanisa.

Sijaanguka kabisa, amesema. Prof amekubali nifanye deuxième session, mtihani wa marudio, mwezi wa tisa. Ameahidi hata kumwandikia Mjomba Edmond aulaze mpini mpaka wakati huo. Na Kavira, bila mimi kuomba, akanipa daftari lake. Lote! Kurasa arobaini kwa mwandiko safi, maswali yamepigiwa mstari mwekundu. Akasema nikisoma ukurasa mmoja kwa siku, nitapita na siku zitabaki. Nilishikwa na haya. Nilimshukuru kwa moyo wote, na nikaapa hapohapo, mbele ya nyumba ya Mungu, kwamba nimebadilika.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka kitu. Mke wa Prof ni mjamzito. Niliambiwa Beni na mlinzi, yule Kambale. Atajifungua mwezi wa nane! Mtihani mpya, mtoto mpya, neno jipya la siri. Na mtoto anahitaji baba wa ubatizo, na baba wa ubatizo huulizwa kuhusu jina.

Kesho nitaanza kumsalimu Prof kila asubuhi. Leo naandika majina yanayowezekana: ya watakatifu, ya manabii, ya Kindu. Daftari la Kavira lina kurasa kumi nyeupe mwishoni, nami nimeshajaza sita.