Bahasha Chini ya Godoro Langu

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mimi Eddie, komisiyoneri, yaani dalali, namba moja wa nyumba hapa Gahanga. Shule niliachia kidato cha pili, lakini mikataba naisoma kuliko mawakili. Sharti la tano la mkataba huu nililipendekeza mwenyewe: benki ikimnyima mkopo mnunuzi, mwalimu Silvère, bila kosa lake, anarudishiwa avansi, yale malipo ya awali. Akichelewesha karatasi za benki mpaka siku thelathini zipite, avansi inabaki kwa muuzaji, na nyumba anauziwa mwingine.

Muuzaji ni bibi mzee Pudentienne, mukecuru tunavyomwita, mjane anayetaka kuhamia kwa bintiye Rwamagana. Siku ya kusaini alinunua bia ya mashahidi, ndiyo desturi. Anayeinywa ameyaona mauzo, na siku ya ugomvi ataulizwa. Mimi nilikuwa shahidi. Nilikunywa mbili.

Leo kapiga simu Mutabazi, tajiri wa Kimihurura. Anaitaka nyumba ile ile. Kaahidi komisheni yangu mara mbili! Siku ya thelathini ni Ijumaa. Na ile bahasha yenye ripoti ya mthamini wa nyumba, ambayo mukecuru alinipa wiki jana nimpelekee mwalimu aipeleke benki, bado ninayo. Nimeiweka chini ya godoro. Sijaiba. Imelala tu.

Jumatano, 12 Machi
Mwalimu kaja, viatu vumbi tupu. Kauliza ripoti. Nikasema mthamini anaumwa. Akamwombea apone, pale pale mlangoni! Akasema avansi ile ni akiba ya miaka sita, na mapacha wake wanalala chini ya meza. Nikamnunulia chai na andazi. Nikajiona mtu mwema kwa dakika kumi hivi.

Ijumaa, 14 Machi
Saa za benki zimekwisha. Nikaenda kwa mukecuru na shati la kola. Nikamweleza haki zake: abaki na avansi, amwuzie Mutabazi. Nilidhani atanibusu. Akaendelea kuchambua maharage. Akasema maneno hayo anataka kuyasikia kesho, mbele ya mwalimu na mashahidi.

Jumamosi, 15 Machi
Aibu. Naandika nimejifunika shuka.

Sebuleni kwa mukecuru walikuwepo mwalimu, mkewe Christella, na jirani Athanasie, shahidi mwenzangu siku ya kusaini. Nikalisoma sharti la tano nimesimama, kwa sauti ya redio. Mwalimu hakubisha. Alisema tu ripoti haikumfikia, kisha akaangalia viganja vyake. Christella akafuta macho kwa kitenge.

Mukecuru akanigeukia taratibu.

"Eddie, mwanangu, bia ya mashahidi ulikunywa?"

Nikasema nilikunywa.

"Basi shuhudia. Bahasha nilimpa nani?"

Nikakohoa. Nikatazama dari. Athanasie akasema, "Alikunywa mbili huyu. Ajibu mara mbili."

Nikasema ninayo mimi. Wakauliza iko wapi. Nikataja godoro. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo palipouma. Mukecuru akainuka na goti lake bovu, akamshika mwalimu mikono miwili, akamwomba msamaha kwa niaba yangu. Akasema mchelewaji ni upande wake, kwa hiyo avansi haigusi. Akamwongezea siku ishirini, kwa maandishi. Mimi nikatumwa bahasha. Niliileta imepinda, ina umbo la mgongo wangu.

Jumatatu, 31 Machi
Benki imekubali! Mapacha wameshagombania chumba. Mukecuru kaniita, kanipa komisheni yangu yote mkononi. Kisha akanifungia chapati mbili za njiani. Heri angenichapa kofi. Nilitembea mpaka barabara kubwa nikiangalia vidole vya miguu. Nikaapa: basi, Eddie, umekoma.

Jioni Mutabazi kapiga tena. Kuna nyumba Muhima anaitamani, lakini mnunuzi mwingine kamtangulia na anategemea mkopo wa benki. Wanasaini kesho, na karatasi za mnunuzi huyo nitazipeleka benki mimi.

Lakini safari hii nimejifunza, jamani. Bia ya mashahidi ikinifikia, nitasema daktari kanikataza.