Moyo wa Kuazima

Jumatatu, 14 Julai
Baridi kali. Habari mbaya zaidi. Daktari Asma amenisikiliza kifua, akakunja uso. Anasema moyo wangu una mlio, huenda mlango mmoja haufungi vizuri, damu inarudi nyuma. Ijumaa nilale kwenye mashine ya MRI, ipime damu inayotoka na inayorudi. Ikivuja sana, marufuku kuruka. Marufuku! Mimi, kiongozi wa lizombe, ngoma yetu ya kuruka, na jubilei ya parokia ni mwezi ujao! Rupert, anayekitaka cheo changu, ameshakuja kunipa pole. Pole gani ile, anatabasamu mpaka gego la mwisho linaonekana.

Jumatano, 16 Julai
Nimepata dawa. Amedeus! Mtoto wa shangazi Getruda, binamu na mtani wangu. Tumefanana mpaka padri hutuchanganya. Anabeba magunia ya mahindi sokoni kama anabeba mito ya kulalia. Moyo wa namna hiyo ndio wa kupimwa! Nimemwambia aende na kadi yangu ya bima, akirudi sahani ya kitimoto inamsubiri. Amecheka, amekubali. Mke wangu Lidwina anauliza kwa nini napiga mluzi. Nimezidi kupiga.

Ijumaa, 18 Julai
Amedeus karudi na malalamiko. Mashine inagonga kama fundi bati. Wamemvua mkanda na rozari. Kila mara anaambiwa abane pumzi, na pumzi zinamwishia. Mvivu tu! Kitimoto kakimaliza chote.

Jumamosi, 19 Julai
Daktari Asma amepiga simu. Nimekaa sakafuni. Anasema karibu nusu ya damu inayosukumwa nje inarudi ndani. Nisinyanyue hata ndoo ya maji. Jumatatu nifike, nipangiwe upasuaji Dar. Nifike nani? Moyo ni wa Amedeus!
Nimekimbia sokoni. Nimemkuta na gunia mgongoni. Nikamwambia atue, moyo wake unavuja. Kacheka mpaka gunia likayumba. Eti safari hii nimejitahidi. Nikaapa. Akazidi kucheka, akaita wenzake waje waone mtani anavyolia machozi ya kweli. Kisha akabeba gunia jingine, makusudi, huku ananitazama. Mungu wangu! Mwaka jana, kwa utani, niliutangazia mtaa kwamba amefariki, wanawake wakaja na kuni za msiba. Leo nasema kweli, nani ataniamini?

Jumapili, 20 Julai
Usingizi haukuja. Baada ya misa ya kwanza nimekwenda kwa shangazi Getruda. Kwake hakuna utani, hata shikamoo natoa nimepiga magoti. Nimemwambia yote. Akainuka, akaingia jikoni. Kisha mwiko wa ugali, wa moto, begani, kichwani, popote. Haki yangu. Akajifunga kanga, tukamfuata mwanawe kilabuni. Akamwambia aweke kikombe chini. Amedeus aliponiona nyuma ya mama yake akaanza kucheka. Akamtazama mama yake usoni, akaacha. Sijawahi kumwona akiogopa. Nilitamani sana anicheke.

Jumatano, 23 Julai
Ni kweli kabisa. Wamempima tena kwa jina lake mwenyewe, na wiki ijayo anakwenda Dar. Daktari Asma anasema angeendelea na magunia asingeiona Krismasi. Mimi amenisema mbele ya wauguzi, kwa upole, na upole wake umeniuma kuliko mwiko. Kisha akakumbusha kwamba mlio wa kifua changu bado haujapimwa. Ijumaa nije mwenyewe. Lidwina kanishika mkono, analia, anasema hataki kubaki mjane. Nimemwahidi nitakwenda. Nilimaanisha, Mungu shahidi.
Lakini tuseme ukweli. Nani amemwokoa Amedeus? Si hila yangu? Ningekwenda mwenyewe, leo tungekuwa tunachimba kaburi. Na Rupert naye, siku hizi anahema vibaya akipanda ngazi za kanisa. Maskini, hajawahi kupimwa! Kesho nitampelekea kadi yangu. Ni mfupi kuliko mimi, sawa, lakini mle ndani watu hulala chali. Nani atampima urefu?