Gari Refu la Kumfuata Mama Mkwe

Alhamisi, 6 Machi 2025

Uyole. Mvua, mvua, mvua. Viazi vinaoza sokoni na mimi ndiye dalali wake. Sijali. Leo nimepata jambo kubwa la kufanya.

Simu imetoka Kilolo, kijijini kwa mama mkwe. Madaktari wa macho wamefika Iringa mjini, wanatoa mtoto wa jicho, na mwisho wao ni Alhamisi ijayo. Wakiondoka ndiyo basi mpaka mwakani. Mama haoni kabisa siku hizi. Binti yetu Gloria ana miaka mitatu na bibi yake anamjua kwa kumpapasa tu. Leokadia, mke wangu, amelia huku anamenya ndizi. Amesema mwaka huu lazima Mama amwone mjukuu wake.

Tatizo ni barabara. Kutoka kwa Mama hadi kwenye lami ni udongo mwekundu, panda shuka, na masika haya hata pikipiki zinanasa.

Gideon amejitolea kumleta. Kabla yangu! Gideon ni mwanyumba wangu, maana tumeoa nyumba moja: mimi Leokadia, yeye Paskalina, mdogo wake. Anakaa Iringa mjini, ana kigari cheupe kifupi ambacho tumbo lake linakaribia kugusa ardhi. Kila jambo yeye wa kwanza. Kwenye msiba wa baba mkwe alifika wa kwanza akapewa msalaba abebe. Mimi nilipewa maturubai.

Safari hii hapana. Nina pikapu. Ya zamani, sawa, lakini pikapu. Nimemwagiza Leokadia awaambie kwao kwamba Mama nitamfuata mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeziona tairi. Niandike polepole.

Mbalizi, gereji ya Fundi Asukile. Nilikwenda kubadilisha oili. Zilikuwa zimeegemea ukuta, nne, nyeusi, zimetoka kwenye gari la watu wa madini. Zinanifika kiunoni! Meno yake unaingiza ngumi na ngumi inapotea. Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Asukile akasimama pembeni yangu. Akasema tangu zifike, kila asubuhi anazitazama kwanza ndipo anafungua kazi.

Tumezifunga leo leo. Pikapu ikasogea mbele, laini, nzito, kama inajua sasa ni ya nani. Nikakata usukani. Kelele! Tairi za mbele zimeng'ata madigadi. Kulia zinasugua, kushoto zinasugua. Gari linakwenda mbele tu na kurudi nyuma tu.

Nilimwuliza Asukile kama kuna njia ya kwenda Kilolo isiyokuwa na kona. Akafikiria kweli kweli. Akasema hapana. Basi dawa ni moja, gari liinuliwe.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kuu ya maisha yangu. Ya harusi inafuata.

Mbele, chini ya gari, kuna fito mbili za chuma zinazobeba uzito. Asukile amezikaza kwa spana yenye mpini mrefu kuliko mkono wake, na kila alipokaza, boneti ilipanda. Kidogo. Kidogo tena. Niliangalia boneti ikipanda nikasahau kula. Nyuma ameweka vibonge vya chuma kati ya ekseli na zile springi bapa za kupangana, akafunga boliti ndefu. Shokapu mpya, ndefu. Mpira wa breki ulikuwa umevutika mpaka umenyooka kabisa. Mimi nikasema si umefika, uacheni. Asukile kwa hilo alikataa, akaweka mrefu.

Akatoa jeki. Gari likashuka kwenye miguu yake. Mungu wangu!

Kupanda kwenyewe ni kazi. Unashika usukani, unatanguliza goti, unavuta tumbo. Lakini ukishafika! Niliona bati za maduka kwa juu. Niliona mwanamke anaanika dagaa nyuma ya ukuta wake. Mlima Loleza ulikuwa umejaa kwenye kioo. Miaka yote nimeishi na mlima ule, leo nimeutazama tukiwa karibu sawa. Sikuwasha hata injini. Asukile akaomba naye akae. Tukakaa watu wazima wawili, tunaitazama Mbalizi.

Gari nimelipa jina. Mheshimiwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimempeleka Mheshimiwa kanisani. Wakati wa matangazo wanaume walitoka mmoja mmoja, wengine na Biblia zao. Mwinjilisti Mathew amemaliza matangazo kwa haraka, naye akatoka. Akazunguka gari, akagusa tairi, akasema kazi za Bwana ni nyingi.

Doa moja. Leokadia alivaa kitenge cha kubana, hakuweza kupanda. Nikamsukuma kwa nyuma, kwa mikono miwili na bega. Kwaya ikaacha kuimba. Njiani amenieleza kwamba yeye si gunia la viazi. Nimemsamehe. Watu wengi hawaelewi mambo makubwa mara ya kwanza.

Jioni nimegundua taa zinamulika vichwa vya mikaratusi. Barabara siioni, ila ndege wote nimewaona. Dereva wa lori ameniwashia taa zake kwa hasira. Kesho Asukile ataziinamisha.

Jumanne, 11 Machi

Safari! Mimi, Leokadia, Gloria.

Mheshimiwa ni mgumu kidogo kwenye matuta. Springi zimekazwa, kwa hiyo tuta dogo tu linaturusha wote hadi kwenye bati. Gloria anacheka na kudai tuta jingine. Leokadia hacheki. Trei ya mayai ya zawadi kwa Mama imefika Chimala ikiwa supu.

Lakini Chimala! Nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nilikuwa naona majani ya kando ya barabara na mabango. Leo, kwa urefu huu, bonde la Usangu lote lilifunguka upande wa kushoto. Maji ya mpunga yanang'aa mpaka macho yanakosa mwisho. Ng'ombe wa Wasukuma wametapakaa, wadogo, weupe na weusi, na mvua inatembea peke yake huko mbali. Nilisimamisha gari. Leokadia akaacha kununa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Mama lazima avione vitu hivi kabla hajafa. Nikasema ataviona, akiwa amekaa hapa hapa ulipokaa.

Mbele ya Igawa, tochi ya trafiki. Afande amesema nimezidisha mwendo. Mimi nikasema dashibodi inaonyesha hamsini na dashibodi haina sababu ya kunidanganya. Akazunguka gari. Akatazama tairi kwa muda. Akasema tairi kubwa ikizunguka mara moja inakula barabara ndefu, na dashibodi bado inahesabu zile ndogo. Halafu akaomba aone kukoje huko juu. Faini ameniandikia akiwa amekaa kwenye kiti changu. Alichelewa kushuka.

Tumefika Iringa mjini kwa Paskalina. Gideon hayupo! Alikwenda Kilolo jana mchana, kabla mvua ya jioni haijaanza, na hajarudi. Wa kwanza tena. Chakula hakikupita.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Asubuhi Gloria akabaki kwa Paskalina, sisi tukaacha lami. Tope! Jekundu, zito, linavuta buti mpaka mguu unatoka peke yake. Lori la mbao limelala kando. Pikipiki mbili zimetelekezwa. Mheshimiwa akaingia. Tairi zikatafuna, zikatema, zikapanda. Niliogopa mwenyewe! Usukani unatetemeka mikononi, na gari linapanda tu, linapanda tu. Watu wa lori walisimama wakapiga makofi. Mmoja alivua kofia. Nilimwelewa sana.

Kwa Mama, furaha ya pili. Kigari cha Gideon kimezama mlangoni mwa uwanja. Amekwama tangu juzi. Amejaribu kutoka, ameishia kwenye mfereji, na suruali yake ilikuwa na tope hadi mfukoni. Nikamwambia pole sana mwanyumba. Nilijitahidi sauti isicheke.

Mama akatoka ameshikwa mkono na jirani yake, Lusia. Amevaa kitenge kipya, ameshika rozari. Nikachuchumaa mbali kidogo, kofia mkononi, nikamsalimia kwa lugha ya kwao, Kamwene. Akaitika akiwa ameelekeza uso kwenye mgomba. Roho iliniuma. Nikasema moyoni kwamba leo nitambeba mama huyu kama yai.

Mlango ukafunguliwa. Mama akanyoosha mkono kutafuta kiti. Akagusa tairi. Akapapasa juu. Tairi. Akapapasa juu zaidi. Bado tairi. Akamwuliza Leokadia kwa nini amemleta ghalani.

Hapo nikaelewa. Mbalizi nilipima kila kitu. Madigadi, springi, taa, mpira wa breki. Mama mkwe sikumpima. Na mkwe hamshiki mama mkwe! Hata mkono hatupeani. Nimsukume kwa bega kama nilivyomsukuma Leokadia kanisani? Ningefukuzwa ukoo mzima, na ningestahili. Gideon naye ni mkwe. Tukasimama wanaume wawili wenye nguvu zetu, tumeshika kofia, hatuna kazi.

Wanawake wakajaribu. Kigoda, kifupi. Kreti la soda juu ya kigoda, Mama aligusa kwa mguu akakataa. Lusia akaleta ngazi ya kuchumia parachichi. Mama akakanyaga kidato cha kwanza, akakumbuka wakwe zake wapo, akashuka, akavuta kitenge chake chini. Mimi na Gideon tukageuka kutazama mahindi. Tukafumba na macho. Bado. Akasema anajua tupo. Akasema yeye ni mjane wa watu, hawezi kunyanyua mguu hewani mbele ya wakwe, hata kama wamefumba macho na yeye mwenyewe haoni.

Leokadia akaanza kulia. Kesho ndiyo mwisho wa madaktari. Sijawahi kujisikia mdogo hivyo chini ya kitu kikubwa hivyo.

Lusia ndiye aliyesema mlango wa kigari uko chini, magotini. Wakamwongoza Mama kwenye mfereji. Akainama, akakaa, mara moja, kama yuko jikoni kwake. Akauliza tunasubiri nini.

Kwa hiyo nimefunga kamba. Upande mmoja Mheshimiwa, upande wa pili kigari. Leokadia akanivuta pembeni. Akasema Mama asijue anavutwa kwa kamba, ataogopa, atashuka, na hatapanda tena. Niape. Nikaapa. Ni ahadi mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa. Gideon akawasha injini ili Mama aisikie inanguruma.

Tukashuka. Tukapanda. Tukashuka. Mheshimiwa alivuta tope lote la Kilolo na mwanyumba wangu juu yake. Leokadia alikaa nyuma na Mama, amenisimulia baadaye. Mama alisema kigari cha Gideon kina moyo. Alisema hakitelezi hata kidogo. Alisema kuoza binti kwa mtu mwenye gari la maana ni baraka. Halafu akauliza trekta lile la mbele lina shida gani, mbona linapiga kelele na halitupishi.

Alhamisi, 13 Machi

Mama amefanyiwa jicho moja, lile la kulia. Tumefika kwa wakati. Namshukuru Mungu, naandika bila utani.

Wodi nzima sasa inajua habari za kigari cha Gideon. Mgonjwa wa kitanda cha pili amemwomba Gideon namba ya simu, ana shamba lenye njia mbaya. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshika chupa ya chai. Gideon alinitazama, akataka kusema kitu. Leokadia akamkanyaga.

Ijumaa, 14 Machi

Muuguzi amefungua bandeji.

Mama akapepesa jicho. Akatazama ukuta. Akatazama mikono yake, juu na chini. Akamtazama Leokadia, akasema, "Mwanangu, umezeeka." Leokadia alicheka na kulia pamoja. Kisha wakamweka Gloria mbele yake. Mama akafumba jicho, akampapasa uso kwanza kama alivyozoea, paji, pua, mashavu. Halafu ndipo akafumbua. Gloria akamwuliza bibi mbona unanitazama sana. Nililia. Gideon naye alilia, na alianza yeye.

Tukatoka nje. Mama akasimama. Mheshimiwa alikuwa kwenye jua, tope jekundu limemkaukia hadi kwenye vioo. Mama alianza chini, akapanda na jicho lake jipya polepole, tairi, madigadi, mlango, bati. Mdomo ukabaki wazi. Mimi pia nilitazama upya, nikaona ni kweli, ni jambo kubwa.

Gideon akashindwa. Akasema yote, kamba na mfereji. Sikutegemea. Mwanyumba wangu ni mtu mzuri, inaudhi.

Mama akanigeukia kidogo, si usoni, maana heshima ni heshima. "Kumbe wewe ndiye trekta?" Akacheka mpaka Leokadia akamshika. Halafu akamwambia Leokadia, nami nikisikia, "Mwambie mkwe wangu gari lake ni zuri. Alishushe kidogo tu, nami nitapanda."

Jumamosi, 15 Machi

Sikulala kwa furaha. Mama anataka kupanda! Amesema mwenyewe!

Leokadia amerudia asubuhi yote kwamba Mama alisema lishushwe. Gideon amerudia. Paskalina amerudia. Nimewasikiliza kwa upole. Wote wameshika neno moja na kuacha maana. Mama shida yake ni pa kukanyaga.

Nimempigia Asukile. Ngazi za chuma, pande zote mbili, vidato vipana, na mshikio wa mzee. Amefurahi sana, amesema anaanza kukata chuma leo. Ila ametahadharisha. Ngazi zikining'inia chini ya mlango zitanasa kwenye tope la Kilolo, labda gari liongezwe urefu tena.

Nimemwambia aongeze. Mama lazima apande.