Pikapu Isiyowaka Asubuhi

Jumamosi, 6 Septemba 2025. Kijijini Ole.

Mwanamize ameondoka. Jana tulipotoka harusini gari ikagoma, nikamwomba mke wangu asukume kidogo. Kidogo tu! Miaka kumi na mbili ya ndoa anasukuma, jana ndiyo kaona ajabu. Kweli kulikuwa na tope. Kweli alivaa nguo mpya na wanawake wote walikuwa barazani wanatazama. Na kweli nilikuwa nimeshawaambia watu mle ndani kwamba pikapu yangu inawaka kwa ufunguo, mara moja. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma.

Leo mama yake, Bi Mwanapili, kapiga simu kutoka Wingwi. Nifike Ijumaa baada ya sala. Nizime gari mlangoni kwao, niiwashe tena kwa ufunguo mbele yao. Ikiwaka, Mwanamize anapanda. Isipowaka, nimpelekee cherehani yake, harudi tena.

Nyumba kimya. Nimekula muhogo wa jana, wa baridi.

Jumapili, 7 Septemba.

Fundi Ame kaja. Kauliza maswali mengi. Inasumbua lini? Asubuhi. Mchana je? Inawaka baada ya kulalamika. Moshi gani? Mweupe. Kaniambia nizungushe ufunguo. Stata ina nguvu, kwa hiyo betri haina kosa. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika lakini haiungui, kwa sababu injini ni baridi na hita mbili kati ya nne za kuipasha moto zimekufa. Kisha kabonyeza pampu ya mkono juu ya filta, kanionyesha mapovu. Mpira wa dizeli una ufa, gari ikilala inavuta hewa. Kazi ya nusu siku, kasema.

Nusu siku! Maradhi ya miaka yote hii! Nimemwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Mwaka juzi jirani yangu Kificho alisimama mbele ya pikapu hii akaisifu rangi, wala hakusema mashaallah. Nakumbuka vizuri. Mtu mwenye bajaji mpya asifu chuma cha zamani kwa nini? Hapa hapana mpira wala hita. Hapa pana jicho la husuda. Kweli ilikuwa ikisumbua hata kabla ya hapo, lakini Kificho ni jirani wa siku nyingi.

Jumatatu, 8 Septemba.

Nimekwenda chuo cha Kurani kwa Mwalimu Khatib kuomba kombe la kuondoa jicho. Kaniuliza mgonjwa nani. Nikasema mtu wa nyumbani, mzee, asubuhi anakohoa sana na hainuki mpaka ashikwe. Sikusema uongo. Mwalimu kasikitika kweli. Kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, kaziosha kwa maji, maji kayatia chupani. Mgonjwa anywe mafunda matatu kila asubuhi, kwa imani.

Nimerudi na chupa kifuani. Kificho kanisalimia. Sikumjibu vizuri.

Jumanne, 9 Septemba.

Mafunda matatu ni kipimo cha binadamu. Pikapu ina tangi kubwa. Nimemimina chupa nzima.

Jioni nimejaribu. Imekohoa mara mbili, ikanyamaza. Sasa haiwaki asubuhi wala mchana. Hata moshi haitoi. Nimekaa ndani ya gari mpaka magharibi. Kiti cha Mwanamize kina kibanio chake cha nywele. Ninamkumbuka mno.

Jumatano, 10 Septemba.

Balaa! Mwalimu Khatib kaja kumkagua mgonjwa, na machungwa ndani ya mfuko. Nimesema kalala. Kasema atamsomea dua hivyo hivyo alivyolala. Nimemzungusha mpaka mkarafuu wa nyuma, nimekosa pa kumpeleka, nikamfikisha kwenye pikapu. Kauliza kombe liko wapi. Nikaonyesha tangi.

Hakunigombeza. Kaniombea mimi badala ya mgonjwa, kaondoka. Machungwa karudi nayo.

Alhamisi, 11 Septemba.

Nimempigia Ame. Kamwaga tangi lote, katoa maji kwenye filta, kaniangalia. Kabadilisha mpira na hita mbili, katoa hewa. Alipomaliza, saa sita ilikuwa bado. Nikatia ufunguo, nikasubiri taa ya hita izimike, nikazungusha. Ikawaka! Tukazima, tukawasha, mara tano. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi, na moshi haukuwapo.

Ame kaniambia, "Bwana Thuwein, gari imepona. Iliyobaki ni wewe kuiamini."

Ijumaa, 12 Septemba.

Imewaka kwa ufunguo, asubuhi, baridi. Basi nikajiuliza: kitu kimeshawaka, nikizime cha nini? Nikaenda Wingwi bila kuzima. Nikasali Ijumaa huku injini inanguruma nje ya msikiti. Watu walininung'unikia.

Mwanamize alikuwa barazani na kikapu kimeshafungwa. Kimefungwa! Bi Mwanapili kanikaribisha vizuri, kaniambia nizime. Nikasema injini iliyotoka kutengenezwa haizimwi siku ya kwanza, ni amri ya fundi. Mwanamize kasema kazungumza na Ame jana kwa simu. Nikasema basi kidogo tu, ipoe kwanza. Kupoa huku inawaka! Tumekaa saa nzima tukipigiana kelele juu ya ngurumo. Chai ikapoa.

Kisha ikazimika yenyewe. Ame alikuwa kamwaga tangi, nami nilirudishia lita chache tu. Dizeli imekwisha. Nikazungusha ufunguo mpaka stata ikachoka, wote wawili wakinitazama.

Mwanamize kasema taratibu, "Thuwein, ungelizima mwenyewe ningelipanda. Hata kama isingeliwaka."

Kachukua kikapu, kaingia ndani.

Jumamosi, 13 Septemba.

Nimerudi peke yangu, kwa dizeli ya kuazima. Bi Mwanapili kapiga simu: cherehani ifike Jumatatu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo limenivunja zaidi. Kutwa sikula. Nimeifuta cherehani vumbi, nimekaa nayo.

Nimelia, kisha nimefikiri, na kosa langu nimeliona wazi. Dizeli ilikuwa ndogo. Jumatatu napakia cherehani na dumu la lita ishirini. Kwa dumu hilo injini inaweza kunguruma mlangoni kwao mpaka magharibi bila mtu kugusa ufunguo.