Kuku Wapandishwe Mezani

Serikali ilitangaza kwa fahari kwamba moshi wa viwanda vyote umefukiwa ardhini, na kuanzia siku hiyo ni marufuku kwake kutoka. Mkurugenzi wa Idara ya Moshi Uliofukiwa alisoma tangazo mwenyewe, kifua mbele. Alipoulizwa kama ana uhakika, alijibu kuwa uhakika uko kwenye mchakato.

Balaa likaanzia kwa mama mkwe wake, aliyeishi chumba kimoja bondeni, jirani na shimo la kufukia moshi. Wawili kati ya kuku wake walidondoka wakafa humo ndani, wakiwa wazima wa afya. Mshumaa ukiwekwa mezani unawaka; ukiwekwa sakafuni unazimika, kana kwamba hewa nzito isiyoonekana imetanda chini. Na yeye mwenyewe, kwa ajili ya mgongo, alikuwa amezoea kulala kwenye godoro chini.

Kamati ya wataalamu ikakaa, ikanywa chai, ikabaini kasoro: kuku ni wafupi mno. Ikaagiza waliobaki wafugwe juu ya meza. Suala la mama mkwe litaangaliwa awamu ya pili. Mkurugenzi aliona agizo lina mashiko, maana moshi ukikiri kuvuja, cheo chake kitaota mbawa.

Akaenda na waandishi wa habari kufunga mjadala. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mkoba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kwa hiyo hapa ni salama?"

"Salama salimini."

"Haya. Mimi naenda kulala kwako, wewe lala hapa. Mkeo nimeshamwambia."

"Mama, nina vikao..."

"Vikao utavikuta. Ingia."

Kumbishia mama mkwe mbele ya kamera ni jambo ambalo Idara haikuwa na mwongozo wake. Mkurugenzi akavua viatu, akaingia. Mpiga picha akamwomba ajilaze kidogo tu, picha ya gazeti.

Akapiga goti kando ya godoro. Mama mkwe akawasha mshumaa, akauweka sakafuni karibu naye. Ukazimika.

"Upepo huo," alisema Mkurugenzi.

"Upepo gani, baba, na dirisha nimelifunga mwenyewe?"

Mkurugenzi aliogopa, na aliona haya kuogopa. Akatazama godoro, akatazama kamera. Kisha akainuka, akapandisha suruali kidogo, na mbele ya taifa zima akapanda mezani na soksi zake.

Kuku wakasogea, wakampisha.