Msumari wa Tairi la Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Msumari! Tairi la nyuma kushoto. Kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mtama. Nimeugusa, haukutikisika. Mke wangu ana mtihani wa udereva Ijumaa, kwa gari hili hili. Amefeli mara mbili na ameapa kwamba akifeli tena basi, harudi. Kasema nilipeleke gari kwa fundi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akadakia kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nani kamuuliza? Na je, ufa upo? Fundi atang'oa tu bila kuchunguza. Mimi nataka kujua.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima kipima upepo cha mwalimu. Nimemwambia ni cha kazi ya ofisini. Asubuhi: 32. Mchana nikatoroka kazini kuja kupima: 31! Nikapima tena kuhakikisha. Thelathini. Kwa hiyo upepo unatoka, ila polepole. Kifaa chenyewe kina adabu, kila nikikichomeka kwenye valvu kinasema "pss".

Jumatano, 5 Juni
Nimepaka povu la sabuni juu ya msumari, nikachuchumaa dakika arobaini. Hakuna hata kiputo. Ajabu! Upepo unapungua lakini hautoki. Unaenda wapi? Sasa napima kila nusu saa. Jioni: 22. Mke wangu kauliza kama nimekwenda kwa fundi. Nikamjibu suala liko kwenye uchunguzi. Akasema hata maiti huwa kwenye uchunguzi. Pampu ninayo, lakini nikijaza nitavuruga hesabu.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi: 11. Niliendesha mwenyewe mpaka uwanja wa mtihani, taratibu kama nimebeba mayai. Tulipofika nikasimama mbele ya lile tairi mke wangu asilione. Mtahini alipokuwa anajaza fomu, nikapima. Mara mbili.

Mke wangu akaondoa gari. Hatua ishirini, tairi likalala chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtahini akasema mtihani uahirishwe. Mke wangu hakunitazama hata kidogo. Akatoa jeki, akafunga tairi la akiba kwa dakika tisa, akafuta mikono, akaomba aendelee.

Amefaulu! Mtahini kasema hajawahi kuona mtahiniwa mtulivu namna ile. Nilitokwa na machozi, nusu ya furaha, nusu ya aibu.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi wa matairi kalijaza upepo, kalizamisha kwenye karai la maji. Kimya. Kaung'oa msumari: mfupi kama ukucha, haukufika ndani. Tairi halijatoboka. Akauliza kama kuna mtu anayelipima ovyo, maana kila ukipima unapunguza upepo kidogo. Nikasema huenda ni jirani. Mke wangu alicheka mpaka akakalia tairi. Funguo za gari sasa zinakaa kwenye mkoba wake.

Jumapili, 9 Juni
Mwalimu kaja kudai kipima upepo chake. Nimemwomba anivumilie mpaka kesho. Lile tairi la akiba, lililotuokoa, limenitia shaka. Asubuhi: 32. Saa nne: 31. Na halina msumari! Upepo wake unaenda wapi? Nimepima tena kuhakikisha. Thelathini.